Mkanda wa Jeshi si Cheti cha Tabia

Muhula uliopita, wiki moja kabla ya mitihani, niliamka geto kwetu Mnazi Mmoja ubavu wa kulia unawaka moto. Kesho yake vikatoka vipele vya maji, vimejipanga kutoka mgongoni hadi kifuani. Mwenzangu wa chumba aliviona mara moja tu. Jioni godoro lake likahamia kwa washkaji. Mama mwenye nyumba akanihimiza nivuke Lumumba, niingie Kariakoo kutafuta dawa ya kupaka: "Mkanda ukikutana, mwanangu, umekwisha."

Haukutani. Kirusi cha tetekuwanga tuliyougua utotoni hakiondoki mwilini, hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo. Kinga ikilegea, kinaamka na kufuata neva ya upande mmoja. Ndiyo maana vipele huishia katikati ya mwili.

Madaktari wa damu wanamjua vizuri adui huyu. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2023. Kinga ya mgonjwa hushushwa kwa dawa kali, na kabla mpya haijakomaa virusi vya ukoo huu hupata mwanya, hivyo hupewa asikloviri mapema. Waliopandikizwa damu ya kitovu, tiba iliyoanzia Paris mwaka 1988, kinga yao huchelewa zaidi. Kwao huamka mara nyingi ndugu wa kirusi hiki anayejificha ndani ya chembe za kinga zenyewe. Yaani mlinzi analala na mwizi.

Wagonjwa hao tunawaombea dua. Mwanachuo akitokwa na vipele vilevile, eti "keshaukwaa". Ni kweli VVU hulegeza kinga, na kijana mwenye mkanda anapaswa kupima. Nilipima, majibu ni yangu. Lakini umri, dawa za saratani na mengine pia huuamsha, na wengine sababu haionekani kabisa.

Kinachoniuma ni siku nne nilizojificha kwa aibu. Asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke; mimi nilifika zahanati siku ya tano. Mpaka leo shati likigusa ubavu nashtuka. Viongozi wetu wabandike tu hizo saa 72 kwenye kila mlango wa bweni, hata bumu halihitajiki.

Nawe uliyehama: maji ya vipele humwambukiza tetekuwanga asiyewahi kuugua, kuvifunika kulitosha. Rudisha godoro, kodi bado tunagawana.