WAKAGUZI WASIONDOKE KABLA HATUJASEMA



Wakaguzi wa nishati wanapokuja kazini kwetu, kiwandani, hotelini au hospitali, hukaa siku chache tu. Hupima stima, hukagua boila, huhesabu taa. Siku ya mwisho hukusanya vyombo vyao, huingia ofisini kwa maneja, na mlango hufungwa. Humo ndimo husemwa kilichoonekana na kitakachokatwa. Mfanyakazi hayumo, ila yule aliyepeleka chai.

Jambo hili twalipinga.

Ukaguzi wenyewe hatuupingi.  Kanuni za Serikali za mwaka 2012 ndizo zilizowataka wenye majengo yanayotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka wakaguliwe kila miaka 3, tena watimize walau nusu ya akiba iliyoonyeshwa na wakaguzi. Basi twauliza: ni nusu ipi? Tajiri aweza kuziba mabomba yanayovuja na kubadili mota zilizochakaa. Aweza pia kuzima feni za dobi, kupunguza taa za zamu ya usiku, na kufunga maji moto ya kuogea. Yote mawili huandikwa "akiba". La kwanza hutoka mfukoni mwake, la pili hutoka mwilini mwetu.

Mabwana hao husema mfanyakazi hajui hesabu za nishati. Daftari la boila huandikwa na mkono wa nani? Mkaguzi hutembea mchana. Fundi wa usiku ndiye asikiaye kompresa ikinguruma wakati hakuna mashine hata moja inayofanya kazi, kwa sababu hewa inavuja. Tundu la milimita 3 tu laweza kula kama kilowati 3. Likiachwa mchana na usiku kwa mwaka mzima, ni zaidi ya yuniti 26,000 zilizopotea bure. Askari wa mlango ajua ni ghorofa ipi taa huwaka hadi alfajiri na mitambo ya baridi hupoza viti vitupu. Nani amewauliza?

Kwa hiyo twadai:

1. Mjumbe wa chama na fundi mmoja wa usiku waingie katika mkutano wa kufunga ukaguzi.

2. Kabla ya kung'oa vyombo, wakaguzi watembee jengo zima usiku mmoja pamoja na watu wa zamu.

3. Muhtasari wa ripoti ubandikwe ubaoni kwa Kiswahili.

4. Mwanga na hewa yetu visiguswe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka vyote viwili viwe vya kutosha. Penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria hiyo yataka halmashauri ya usalama. Ripoti ipelekwe huko.

5. Mtu asiachishwe kazi kwa jina la akiba. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka chama kipewe notisi ya mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupunguza wafanyakazi.

Kila tawi limwandikie maneja barua sasa. Tukingoja hadi wakaguzi wafunge mifuko yao, tutasomewa hukumu ya kesi ambayo hatukuitwa.

Umoja ni nguvu!