Visu Bila Wahunzi

Wako watu wapendao kukusanya visu na panga zilizofuliwa kwa mikono katika nchi mbalimbali, na kuzitundika ukutani kwa safu. Jambia la Oman hukaa karibu na sime ya Kimasai, keris ya Java hukaa karibu na upanga wa Japani, na mahali fulani chini yake hutundikwa chombo cha chuma kilichopinda ncha kama mdomo wa mwewe, kikaandikwa kwa maneno machache: "Silaha, Afrika ya Mashariki." Ukuta huo hupendeza macho. Walakini, mwenye ukuta akiulizwa ni nani aliyekifua chombo kile, alikifua wapi, na kilikuwa kikikata nini, aghalabu hana jibu. Mkusanyo wa namna hiyo ni ghala ya vyuma. Hauna haki ya kuitwa hazina ya elimu, na wausifuo kwa jina hilo wanawadhulumu waliovifua.

Chombo kile kilichopinda kina jina. Katika nyanda za juu za Kigoma, Waha wa Kasulu na Kibondo hukiita umuhoro, na majirani zao wa Burundi wanakijua kwa jina lilo hilo. Katika shamba la migomba la Rungwe Mpya, muhoro ni chombo cha kila siku. Hupunguza majani makavu ya mgomba, hukata mkungu, hufyeka kichaka na kuchonga mti wa mpini. Ncha yake haikupindwa kwa ukali wa moyo. Ilipindwa ili ivute tawi na kulishika kabla ya makali kupita. Kila kitu chenye makali chaweza kumwumiza mtu, na hata jembe laweza kuua; lakini hapana mtu aliyewahi kulitundika jembe ukutani na kuliita silaha. Basi anayeuandika muhoro kuwa silaha amemgeuza mkulima kuwa mpiganaji kwa neno moja, tena pasipo kumwuliza.

Desturi hii ya kuona vita katika kila chuma cha Mwafrika ina asili yake. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Burton huyo huyo akatoa kitabu kizima juu ya historia ya upanga mwaka 1884. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na dola katika makoloni yake vipelekwe kwanza kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Waliokusanya walikuwa mara nyingi askari na maofisa, na wengine walikusanya baada ya mapigano. Si ajabu kwamba mtu aliyekuja na bunduki aliona silaha kila alipotazama. Watawala hao waliondoka. Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia mwaka 1916 hadi 1921, kisha wakaja Waingereza, nao wakaondoka. Vibandiko vya maandishi yao ndivyo vilivyobaki, na wakusanyaji wa leo wanavinakili kama sala.

Watetezi wa wakusanyaji wana hoja moja yenye nguvu, nayo haifai kufichwa. Husema kwamba chuma kisichonunuliwa na mpenda mambo ya kale kitanunuliwa na mfanyabiashara wa vyuma chakavu, au kitarudishwa motoni na mhunzi, na baada ya hapo hakitaonekana tena. Ni kweli kwamba chuma kingi hupotea hivyo. Lakini hoja hii inadhani kwamba kurudi motoni ni kifo cha chuma, ilhali kwa mhunzi ndiyo maisha yake. Jembe lililokwisha huwa kisu. Kisu kilicholika huwa ncha ya chombo kidogo zaidi. Chuma hakijapata kuwa na thamani kwa sababu ya kukaa kimya. Kinachokufa kweli ni ujuzi wa kukifua, na huo mkusanyaji hauokoi kwa kukinunua chombo na kuondoka.

Ushahidi wa jambo hili uko kaskazini ya Kigoma, katika nchi ya Wahaya. Miaka ya 1970, wazee waliokuwa wakikumbuka kazi ya kuyeyusha chuma walijenga tena tanuri mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza, kwa kuyaunganisha maarifa ya wazee hao na mabaki yaliyofukuliwa ardhini, kwamba watu wa magharibi ya ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kichwa cha mzee, mikono yake na udongo wa tanuri ndivyo vilivyosema. Lau wazee wale wangalikufa kabla ya kuulizwa, visu vyote vya Buhaya vilivyotundikwa katika kuta za dunia visingaliweza kueleza namna moto ule ulivyowashwa.

Tena, wakusanyaji hawa hawawezi kusingizia ujinga, maana kwa mataifa mengine wanajua kuuliza. Upanga wa Japani hununuliwa kwa jina la mhunzi, nalo huchongwa kwenye msuka unaoingia ndani ya mpini. Wajapani huwatunza wahunzi wenyewe: hapana afuaye upanga pasipo kibali, na kibali hutanguliwa na uanagenzi wa miaka 5. Waomani nao walipolipeleka jambia lao mbele ya UNESCO, likaandikwa katika orodha ya urithi mwaka 2022, kilichoandikwa kilikuwa ustadi wa kulitengeneza pamoja na desturi za kulivaa. Mkusanyaji huyo huyo, ambaye hangethubutu kununua upanga wa Japani usiojulikana asili yake, huununua muhoro kwa fedha kidogo na kuutia mfukoni bila swali hata moja. Akilaumiwa, hujibu kwamba mhunzi wa Kiafrika hakutia sahihi. Mhunzi huyo alifua kwa ajili ya jirani zake, na jirani hahitaji sahihi ili kujua kazi ya jirani. Jina lilikaa midomoni mwa watu. Amtakaye hana budi kuuliza, na anayenunua bila kuuliza ndiye anayelifuta.

Nayo saa ya kuuliza haingoji. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu wengi wa mkoa huo katika vijiji, na mahame yakabaki nyuma. Wanaokumbuka ni wapi palikuwa na kiwanda cha mhunzi kabla ya mwaka huo sasa ni wazee.

Liko na dhuluma ya pili, ya bei. Mhunzi wa leo hufua springi za magari mabovu kwa mkaa na mivukuto, naye hushindana na panga za mashine zilizopangwa dukani. Mkusanyaji hupita mbele yake bila kusimama, kwa kuwa chuma cha gari si cha "asili", akaenda kutafuta kisu kikuukuu chenye kutu. Kutu hununuliwa, jasho halinunuliwi. Soko lipendalo kutu huwafundisha watu kutengeneza kutu, na mwisho mkusanyaji hudanganywa kwa haki.

Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria hulinda kitu. Haiwezi kumlazimisha mtu kujali aliyekitengeneza. Wajibu huo ni wa wapenda visu wenyewe. Asiyeandika jina la mhunzi, mahali, kazi ya chombo na majina ya sehemu zake kwa lugha ya wenyewe, asinunue. Akinunua cha zamani kimoja, na anunue kipya kimoja kwa mhunzi aliye hai, kwa bei isiyo ya kuomba. Nakala ya maandishi yake ibaki katika shule iliyo karibu, ili mtoto wa Rungwe Mpya asilazimike kusafiri hadi Ulaya kusoma habari za chombo cha babu yake.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Fuawe, koleo, msuka na bapa ni maneno yaliyomo katika kamusi, lakini maneno ya Kiha ya kazi hiyo hiyo bado yanangoja mwenye daftari. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wakusanyaji wamepewa visu vyote. Nyama, ambayo ni maarifa, wameiacha kwa mhunzi, naye anazeeka.