Taa ya Oili Si Taa ya Mafuta

Wapenzi wa lugha, nawaletea ugomvi kutoka gereji. Najua wapo watakaonikasirikia, lakini afadhali tukosane kwa hoja kuliko kupatana kwa kudanganyana.

Hapa Mbebe, wilayani Ileje, nilisaidiana na fundi kufufua Land Rover ya petroli, Series IIA, gari la miaka ya 1960. Dashibodi yake ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi hata maandishi yote yakapotea. Zilibaki taa nne ndogo zisizo na majina: nyekundu, kijani, buluu na ya manjano. Nami, kwa mazoea ya magari ya leo, nikaitangaza ile ya kijani kuwa taa ya salama.

Fundi alicheka. Alifungua swichi bila kuwasha injini. Nyekundu na kijani zikawaka. Akachomoa waya wa swichi ya oili ubavuni mwa injini: kijani ikazimika. Akaugusisha waya kwenye chuma: ikawaka tena. "Hiyo ndiyo taa ya oili, mwalimu," akaniambia. "Ikiwaka safarini, simama uzime gari." Nyekundu ilikuwa ya chaji, buluu ya taa kubwa, na manjano ya kumkumbusha dereva aliyesahau kurudisha choki.

Jioni niliandika orodha ya majina ya taa hizo. Kwa majivuno ya msanifu, taa ya oili nikaiandika "taa ya mafuta". Nilidhani nimekitakasa Kiswahili, kumbe nimetega mtego. Mafuta ndiyo yanayouzwa kituoni; mafuta ndiyo yanayopimwa na geji. Dereva akiambiwa taa ya mafuta imewaka, ataongeza petroli na kuendelea kupanda milima yetu, ilhali vyuma vya injini vinasagana vikavu. Injini itanoki, na aliyeinoki ni mimi, kwa kalamu yangu.

Mafundi hawakulikopa neno oili kwa uvivu. Mafuta lilikwisha kuelemewa: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Oili likaja kubeba maana moja, nayo ni uhai wa injini. Tena limekwisha kuzaa: kumwaga oili ni kuibadilisha, na oili chafu hupakwa mbao zisiliwe na mchwa. Neno lenye jamaa namna hiyo si mgeni tena, ni mwenyeji.

Basi nawauliza wanaoliita neno hilo uchafu: gari mmelitoa wapi, kama si Uhindini? Kamusi na shairi mmevitoa wapi, kama si kwa Waarabu? Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kupanda gari, na waliouhamishia barabarani hawakuomba ruhusa kwa mtu. Iweje ukopaji wa jana uwe ufasaha, na wa leo uwe fujo?

Sisemi kila neno la kigeni lipokewe. Fundi asemapo "taa kubwa", namshangilia, kwa kuwa maneno hayo yanatosha na hayamkanganyi mtu. Kipimo changu ni kimoja: je, neno linatenganisha maana au linazichanganya? Mtunga istilahi asiyewahi kushika waya wa taa anayoipa jina hana budi kuanzia gereji, akae juu ya gurudumu kuukuu, asikilize. Mimi nimekwisha kuifuta orodha yangu. Nimebaki na ubeti huu:

Kijani kina hatari, mafuta usiongeze,
Zima kwanza hilo gari, fundi naye akweleze,
Neno lililo tayari, ya nini uligeuze?
Oili ina habari, mshairi isikize.