Ardhi Ipumzike, Kibarua Asisahauliwe



Wapendwa waamini, mwaka 1985 Marekani ilitunga sheria iliyoanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya kilimo. Mkulima ambaye udongo wa shamba lake unachukuliwa na maji au upepo huacha kulilima kwa miaka 10 hadi 15, akapanda nyasi au miti. Nayo Serikali humlipa kila mwaka mfano wa kodi ya pango, na kuchangia gharama za upanzi.

Wapo wanaouliza: je, ni haki mtu kulipwa kwa kutolima? Sisi twajibu kwamba ni haki. Udongo ukibaki shambani, mto haujai tope, na walio bondeni hunufaika. Si vema faida iwe ya wote na hasara iwe ya mmoja. Malipo hayo si sadaka, ni ujira.

Hata hivyo, katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu alipoamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba, aliwataja pia mtumishi, kibarua na mgeni: kilichojiotea kilikuwa chakula chao. Mkataba wa Marekani hufungwa na mwenye shamba au anayeliendesha. Kibarua aliyekula kwa jasho la shamba lile hamo. Pumziko la ardhi likigeuka njaa ya mfanyakazi, limepungukiwa haki.

Basi, popote Serikali inapolipia uhifadhi, tudai fungu la kibarua liandikwe mkatabani, naye awe wa kwanza kupewa kazi ya kupanda na kutunza miti hiyo.