Mama Aitwe kwa Jina la Mwanawe

Ni alfajiri katika kambi moja ya askari nchini Uganda. Akina mama wamepanga madumu yao bombani wakingoja zamu. Mke wa koplo aliyehamishwa karibuni kutoka Gulu amembeba mgongoni kifungua mimba wake, mtoto wa miaka sita. Miguu ya mtoto imekakamaa na shingo yake haijapata nguvu. Jirani anamtazama, kisha anauliza mbele ya watu: "Mama, jitoto hili mpaka leo halitembei? Mlimkosea nani?" Mama yule hajibu. Anateka maji yake, anarudi nyumbani, na tangu siku hiyo huja bombani usiku.

Kisa cha namna hii chaweza kutokea katika kambi yoyote, na huenda muulizaji hakukusudia ubaya. Lakini wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama ajifichaye bombani aghalabu hujificha na zahanati. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji mazoezi ya viungo mara kwa mara. Akifungiwa ndani, misuli yake hufupika na viungo huzidi kukaza, hata ile nafasi ya kujifunza kukaa wima au kushika kijiko yaweza kupotea. Neno la bombani lilisemwa kwa dakika moja, lakini hasara yake huja kubebwa na mtoto maisha yake yote.

Isitoshe, swali lile ni la uongo. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kidogo. Pengine mtoto alikosa hewa, pengine alishikwa na manjano kali ya utotoni, au malaria ilimpanda kichwani. Na mtoto mwenye hali iitwayo Down ana kromosomu 47 mahali pa 46, kama walivyoonyesha daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959. Hapana laana hapo, wala hapana haki ya mume kumwambia mkewe, "Balaa hili limetoka kwenu."

Jambo jingine ni jina. Kumwita mwanamke kwa jina la kifungua mimba wake ni heshima. Hata hivyo, wako majirani wanaomruka mtoto mwenye ulemavu na kumwita mama kwa jina la mtoto wa pili, kana kwamba wa kwanza hakuzaliwa. Wengine huthubutu kusema "mama wa yule kiwete". Kiwete, kiziwi na kipofu ni maneno yaliyopangwa safu moja na kiti na kikapu, na mzazi huusikia uzito huo. Yafaa kusema mtoto mwenye ulemavu wa miguu, au mtoto asiyesikia. Lakini lililo bora kuliko yote ni jina alilopewa na wazazi wake.

Basi, jirani mwenye adabu huanza na salamu: humsalimu mama, kisha humsalimu mtoto mwenyewe, hata asipojibu, kwa maana wengi wasioweza kusema wanasikia na kuelewa vyema. Hamzungumzi mtoto mbele yake kana kwamba hayupo. Hatoi "pole" kila asubuhi, kwa kuwa mzazi huyo hakufiwa. Hamwelekezi kwa waganga kabla hajaombwa shauri. Akitaka kujua habari za ugonjwa, hungoja faragha na kuuliza kwa upole, "Mtoto wetu anaendeleaje?", halafu husikiliza. Na akitaka kusaidia, hutaja msaada wenyewe: "Leta dumu nikubebee," au, "Kesho nitakaa naye mpaka urudi sokoni."

Baba naye asisahauliwe. Askari huzoea kuficha uchungu chini ya sare, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sajini anayemwita kando na kumwuliza, "Koplo, siku ya kliniki ni lini, ili tupange zamu yako?" amemsaidia kuliko yule anayemsikitikia mbele ya kikosi kizima. Tena askari wanalielewa kuliko wengi lile neno la wazee, hujafa hujaumbika. Wako wenzao waliokwenda vitani kwa miguu miwili wakarudi kwa mmoja, na hakuna kati yao apendaye kuitwa kwa kile alichopoteza.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 35, inasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Askari na polisi ndio walinzi wa sheria. Inapasa sheria hiyo ianze kulindwa katika nyumba zao na bombani mwao.

Hata jirani yule hajachelewa. Na apige hodi jioni, aombe radhi kwa mama, amtaje mtoto kwa jina lake, kisha aseme, "Kesho asubuhi nitakushikia nafasi kwenye foleni." Dumu la mama yule likirudi mchana pamoja na madumu ya wenzake, huenda na njia ya zahanati ikafunguka tena.