Tamko la Wafanyabiashara: Tutoe Kabla Njaa Haijakomaa

Sisi, wanachama wa chama cha wafanyabiashara wa nafaka, tulioneemeka kwa soko la nchi hii, tunatoa tamko hili kwa wenzetu wenye nacho kuhusu njaa inayoziandama kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na Wakenya zaidi ya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula.

Njaa hiyo haikuja ghafla. Malisho yakikauka, mbuzi hukonda na bei yake mnadani huporomoka, huku gorogoro ya mahindi ikipanda. Mfugaji huuza mbuzi wengi apate unga kidogo, mwisho akauza hata majike wa kuzaa. Mvua ikirudi, hana pa kuanzia. Ndiyo maana mchango unaokuja baada ya mizoga kuonyeshwa kwenye televisheni huokoa roho, lakini riziki imeshapotea.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi hatuna udhuru huo, kwani bei hizo tunaziona kila siku. Uwezo nao upo: Julai 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa ajili ya wenye njaa na ikavuka lengo, wananchi wa kawaida wakituma walichojaliwa kwa M-Pesa.

Kwa hiyo, tunatoa wito:

1. Kila mwenye kipato cha kutosha atenge fungu la kila mwezi kwa ajili ya wenye njaa.

2. Msaada utoke mara Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame inapotangaza kwamba kaunti imeingia hatua ya tahadhari, bila kungoja hatua ya dharura.

3. Penye maduka yenye bidhaa, familia zitumiwe pesa kwa simu zijinunulie. Pasipo na bidhaa, vipelekwe chakula, maji na nyasi za mifugo.

4. Heshima ya wanaopokea ilindwe. Wasipangwe mbele ya kamera ili mtoaji asifiwe.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Wajibu wa kuitimiza haki hiyo ni wa Serikali kwanza, nasi tutaendelea kuudai utimizwe. Lakini mtoto wa Loiyangalani, kule Marsabit, hawezi kulala njaa akisubiri bajeti isomwe.

Tunaanza na sisi wenyewe. Kila mwanachama atachangia kila mwezi, na hakuna atakayeficha mahindi ghalani wakati wa ukame akingoja bei ipande. Atakayekiuka ataondolewa chamani. Tunawaomba wenye viwanda, mashamba, majumba ya kupangisha na mishahara minono waungane nasi sasa.