Jukwaa la Athens na Uwanja wa Roma

Wapo wenzetu, na miongoni mwao wamo walimu wenye heshima, ambao kila utamaduni wa kale unapotajwa hukimbilia kuisifu Roma. Husema: tazameni barabara zake, mifereji yake ya maji, sheria zake na majeshi yake! Uyunani kwao ni vijimji vyenye maneno mengi na ugomvi usiokwisha. Aidha, wanafunzi wetu wengi wameijua Roma kabla ya Athens, kwa kuwa tangu mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitupatia kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mimi nasema, pasipo kumung'unya maneno, kwamba katika yale yanayoufanya utamaduni uwe roho ya watu na si pambo la watawala, Uyunani umeipita Roma mbali.

Kipimo changu ni kimoja. Utamaduni haupimwi kwa ukubwa wa mawe uliyoyapanga, maana mawe hupangwa hata na mtumwa chini ya mjeledi. Hupimwa kwa swali hili: je, watu wake waweza kuketi hadharani wakasikia makosa yao yakitajwa, na msemaji akarudi kwake salama?

Na tuanze na Athens. Mwaka 480 K.K. Waajemi waliuchoma mji huo, kisha wakashindwa katika vita vya baharini huko Salamis. Miaka minane baadaye, mwaka 472 K.K., Aeschylus, ambaye mwenyewe alipigana na Waajemi huko Marathon, aliwatungia wananchi wenzake tamthilia juu ya ushindi huo. Je, aliwatukana walioshindwa? La hasha! Aliuweka mchezo wake Uajemi, akamleta jukwaani mama wa mfalme Xerxes akingoja habari za mwanawe, na wazee wakiwalilia vijana wasiorudi. Fahari ya mshindi imo, sikatai. Lakini watu waliochomewa nyumba zao waliketi wakausikiliza msiba wa adui, wakampa mtungaji tuzo ya kwanza.

Liko kubwa kuliko hilo. Mwaka 416 K.K. Athens iliuzingira mji wa kisiwa kidogo cha Melos kilichokataa kuwa chini yake. Mji uliposalimu amri, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa. Dhuluma hiyo sitaitafutia udhuru. Lakini mwaka uliofuata Euripides aliwaonyesha watu wa Athens wanawake wa Troy wakigawanywa kama ngawira, na mtoto mdogo akitupwa kutoka juu ya ukuta. Na watendao hayo mchezoni ni Wayunani wenyewe. Melos hakuitaja. Nani aliyehitaji kutajiwa? Kadhalika, mwaka 424 K.K. Aristophanes alimkejeli Cleon, kiongozi mwenye nguvu siku zile, ingawa Cleon alikwisha kumburuta mbele ya baraza kwa ajili ya mchezo mwingine. Safari hiyo nayo watu walimpa Aristophanes tuzo ya kwanza.

Sasa tuigeukie Roma. Huko aliyeshindwa hakulilwa, alitembezwa mitaani. Vercingetorix, aliyewaongoza Wagaul kuitetea nchi yao, aliwekwa kifungoni kwa miaka kadhaa ili apate kuonyeshwa katika maandamano ya ushindi ya Caesar mwaka 46 K.K., kisha akauawa. Jumba la kwanza la mawe la tamthilia lililodumu halikujengwa mjini humo mpaka mwaka 55 K.K. Uwanja wa Colosseum ulipofunguliwa mwaka 80 B.K., watu walistareheshwa kwa siku mia moja kwa damu ya watu na ya wanyama. Na Waroma walipotaka tamthilia waliwaendea Wayunani. Hata Terence, ambaye simulizi husema alizaliwa Carthage katika bara letu la Afrika akapelekwa Roma mtumwa, alizitunga nyingi za tamthilia zake kutokana na za Menander, Myunani.

Nitajibiwa kwamba Tacitus, Mroma, aliandika maneno makali juu ya dhuluma ya Roma, akayatia kinywani mwa jemadari wa Waingereza wa kale. Ni kweli. Lakini aliyaandika mwaka 98 B.K., baada ya mfalme dhalimu Domitian kuuawa mwaka 96, na katika kitabu hicho hicho alikiri kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wamenyamaza. Mroma alimhukumu maiti. Mwathens alimhukumu aliye hai, aliyeketi mbele yake.

Nitaambiwa tena kwamba Athens ilikuwa na watumwa, kwamba mwanamke hakuwa na sauti barazani, na kwamba Roma mwaka 212 B.K. iliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola yake. Yote ni kweli. Lakini jiulize: uraia huo ulimpa mtu neno gani la kusema? Kufikia siku hizo hapakuwa na baraza ambamo raia angeweza kumpinga mfalme. Roma iliugawa uraia kwa ukarimu baada ya kuukata ulimi.

Na Socrates, aliyehukumiwa kufa na wananchi wa Athens mwaka 399 K.K.? Hilo ni doa lisilofutika. Hata hivyo, mwanafunzi wake Plato aliilaumu hukumu hiyo kwa maandishi, akafundisha Athens mpaka uzee wake.

Ndugu walimu, fundisheni ufundi wa barabara za Roma, kwani ufundi ni mali. Lakini mwanafunzi akiuliza utamaduni ni kitu gani, msimpeleke uwanjani penye damu. Mpelekeni jukwaani, alipolizwa mshindi kwa msiba wa aliyemshinda. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Athens iliyatoa maradhi yake hadharani, ingawa haikupona yote. Roma ilijenga uwanja mkubwa, ikashangilia.